Mtoto Aliyemtangulia Fundi

Dar es Salaam,
9 Januari 1969

Shangazi yangu Batuli,

Shikamoo. Natumaini kidonda cha mguu kimefunga na kwamba umeanza tena kwenda sokoni mwenyewe. Sisi hapa hatujambo. Mtoto ameota meno mawili ya juu na sasa anauma kila kitu, mpaka vidole vya mama yake. Mke wangu anakuamkia.

Nilifika salama baada ya likizo, ingawa treni ilikaa Dodoma nusu siku. Ndani ya behewa nilikaa na Mzee Masolwa, yule aliyefanya kazi stesheni ya Tabora kabla ya kustaafu. Alikuwa anakuja kumwona binti yake. Tulipopita Tura alinionyesha mahali ilipopita njia ya zamani ya misafara, akasema ndiyo waliyopita wapagazi wa Wabelgiji wakati wa vita vya Wajerumani. Kutoka hapo hakunyamaza mpaka Morogoro.

Alinihadithia habari ya fundi mmoja wa mtaa wa Isevya. Wabelgiji walipoingia mjini na askari wao kutoka Kongo, kila mwanamume mwenye nguvu alikamatwa kubeba mizigo. Fundi huyo akajificha mashambani. Binti yake mdogo alikuwa amefanya urafiki na binti wa askari mmoja wa Kongo. Wakila sahani moja, wakilala mkeka mmoja. Siku moja yule mtoto wa askari akaonekana anaingia mjini, na fundi yuko nyuma yake. Akampeleka mpaka bomani. Fundi akafungwa kamba, akapewa mzigo, asirudi tena. Mzee Masolwa anasema aliwaona kwa macho yake.

Unajua kazi yangu. Ofisi yetu ya picha inatakiwa kutengeneza filamu fupi za historia yetu wenyewe, za kuonyeshwa mijini na kwenye vijiji vya ujamaa. Nimeiandika hadithi hii na Sylvester, ambaye ndiye mwongozaji wetu, ameipenda sana.

Nina maswali mawili. La kwanza ni jepesi: watoto wa wakati ule mlicheza nini, mlikula nini, mlivaa nini? La pili ni gumu kidogo. Babu alikuwa fundi seremala wa Isevya, na sisi wajukuu tuliambiwa tu kwamba alikufa kwenye mizigo ya vita. Je, fundi wa Mzee Masolwa ndiye babu? Kama ndiye, basi yule binti aliyesalitiwa na rafiki yake ni wewe.

Nijibu mapema, Shangazi.

Mwanao,
Lukumani Shaban


Tabora,
2 Machi 1969

Mwanangu Lukumani,

Marahaba. Mguu umepona, sasa magoti ndiyo yanayosumbua. Mvua imenyesha vizuri huku. Mama yako bado yuko Ipole kwa dada yako Tatu. Tumbaku ya mumewe Bundala imestawi, na kila mwanakijiji anasema ni kwa sababu ya bidii yake mwenyewe, kwa hiyo ujamaa wao unakwenda sawasawa. Mama yako aliniletea chupa mbili za asali. Moja ni yako, atakuletea mtu atakayesafiri.

Nimechelewa kujibu na sitasema nilikuwa na kazi.

Swali la kwanza. Tulicheza mdako kwa vijiwe, na kombolela wakati bado watu hawajaanza kuogopa kutoka nje. Tulivaa kaniki. Chakula kilikuwa tabu, kwa sababu askari walichukua nafaka yote, ya wenye nacho na wasio nacho. Tulikula mihogo, na mvua zilipoanza tukala uyoga. Watu wazima waliwaita wale askari watu wa Bulamatari, yaani wa serikali ya Kongo, na sisi watoto tukitishwa kwa jina hilo ili tulale.

Swali la pili. Ndiyo, fundi huyo alikuwa baba yangu. Alitengeneza milango, na mitatu kati ya hiyo bado ipo Isevya, inafungwa na kufunguliwa kila siku.

Mengine aliyokwambia Masolwa, yaache. Andika juu ya njaa, andika juu ya wapagazi, yako mengi. Na kama ni lazima uandike hilo la watoto wawili, basi kwanza nenda Ipole ukakae na mama yako siku mbili tatu.

Msalimie mkeo na mtoto wa meno.

Shangazi yako,
Batuli


Dar es Salaam,
11 Mei 1969

Shangazi yangu,

Shikamoo. Asali imefika, haikumwagika hata tone. Mtoto alipata surua lakini amepona.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Kazi imekuwa nyingi, na Ipole sikuweza kwenda. Habari njema ni kwamba filamu imekubaliwa. Tutakuja Tabora mwezi wa tisa, watu saba na mitambo yetu. Tutapigia picha Itetemia, kwa kuwa bado kuna vihenge vya zamani na barabara ya vumbi. Watoto wawili wa kuigiza tutawachagua katika shule za huko.

Nilimweleza Sylvester kwamba umeniomba niache habari ya usaliti. Alisikiliza vizuri, ni mtu muungwana. Lakini alisema pale ndipo moyo wa filamu ulipo, na kwamba mtazamaji lazima ajue nani alimtoa fundi. Nikaona ana haki. Basi nimeandika hivi: askari anampa binti yake sukari, anamkalisha gotini, anamuuliza, na mtoto anataja mahali. Si kwa ubaya. Ni mtoto tu na sukari ilikuwa adimu. Nadhani watu watamhurumia.

Jambo moja sikulielewa katika barua yako. Kwa nini nikamuulize mama? Yeye alituambia alikuwa yatima wa upande wa Ujiji, akalelewa na Bibi pamoja na ninyi. Sijui hata kama alikuwa ameshafika Tabora wakati huo. Au kuna alichosimuliwa na marehemu baba?

Mwanao,
Lukumani


Tabora,
1 Juni 1969

Mwanangu Lukumani,

Salamu zako nimezipata. Namshukuru Mungu kwa kupona kwa mtoto. Mzee Omari jirani yetu tumemzika wiki iliyopita. Tulimzika vizuri, watu walikuwa wengi.

Umeandika sukari. Nimeisoma barua yako nikaikunja, nikaenda kufua, nikarudi nikaisoma tena. Sasa naona nisipokwambia mimi, utaambiwa na Masolwa siku ya kwanza utakapofika hapa na mitambo yako.

Yule mtoto wa askari ni mama yako.

Askari walipangwa majumbani kwa watu, bila ya kuulizwa mwenye nyumba. Kwetu alipangwa mmoja, na mke na mtoto. Walikaa banda la uani. Mkewe alikuwa mgonjwa tangu siku waliyofika, na hakumaliza mwezi. Mama yangu ndiye aliyemwosha. Yule mtoto akabaki amekaa mlangoni pa banda, halii, hasemi. Nikampelekea vijiwe vya mdako. Akanishinda mchezo wa kwanza na wa pili. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, badala ya vitu akisema bintu, na mimi na kaka yangu Shaban tukicheka mpaka tunakaa chini. Yeye naye akaanza kucheka. Mama akamwingiza ndani akalala na mimi. Jina la Siwema alipewa nyumbani kwetu.

Baba yake alikuwa mtu mrefu, mkimya. Akimpasulia mama kuni bila kuombwa. Lakini alikuwa askari, na asubuhi akitoka kwenda kukamata watu kama wenzake.

Baba alipojificha, mimi sikuambiwa yuko wapi. Siku ile ilipofika niliona watu wanakimbilia barabarani, nikakimbia nao. Nilimwona baba anapita, na Siwema yuko mbele yake. Aliyoyaona Masolwa niliyaona na mimi. Kesho yake msafara ukaondoka kwa njia ya Tura, baba na mzigo kichwani, na baba yake Siwema na bunduki begani. Hakurudi hata mmoja. Wengine walisema walifia Kilosa, wengine Mahenge. Siwema alikuwa na homa, hakuweza kutembea, msafara ukamwacha. Mama yangu akasema huyu hatoki humu ndani. Akakua kwetu, akasoma chuoni pamoja na mimi, na baadaye kaka Shaban akamwoa. Siku ya harusi yao majirani kadhaa walibaki kwao. Kila mtu alijua kwa nini, na hakuna aliyesema mbele yetu.

Utaniuliza kama ni kweli alimtoa baba. Sijui. Sijamuuliza. Tumepika jiko moja, tumezalishana, tumemzika mama na tumemzika Shaban, na sijamuuliza. Angesema ndiyo, ningefanya nini? Ningemfukuza aende wapi? Nikaona afadhali nisijue.

Ndiyo maana nilikwambia uache.

Batuli


Dar es Salaam,
20 Julai 1969

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima.

Barua yako niliipata mwezi uliopita. Nilianza majibu mara nyingi nikayachana. Sikumwonyesha mtu, hata mke wangu sikumwonyesha mpaka juzi.

Nilikwenda kwa Sylvester nikamwambia sitaki tena sehemu ya sukari. Akaniuliza sababu. Nikamwambia ni mambo ya nyumbani. Akasema kila hadithi ni ya nyumbani kwa mtu, na kwamba fedha zimeshatolewa na watu wameshapangiwa safari. Anataka nimweleze fundi alikamatwaje, kama si kwa kutajwa na mtoto.

Shangazi, naomba uende Ipole ukamuulize mama. Najua ninachokuomba. Mimi siwezi kumwandikia jambo kama hili, kwa sababu barua zake husomwa na Bundala barazani, na nusu ya kijiji wanasikiliza. Na nikimuuliza uso kwa uso mimi mwanawe, ataona namhukumu. Wewe na yeye mmelala mkeka mmoja.

Akisema alimtaja, basi nitajua namna ya kuandika au nitaacha kabisa. Akisema hakumtaja, nataka kujua ilikuwaje.

Nimekutumia kilo mbili za sukari guru kwa mkono wa Anton, yule fundi wa redio wa mtaa wa pili, anakuja huko kwa matanga.

Mwanao,
Lukumani


Tabora,
17 Agosti 1969

Mwanangu Lukumani,

Mzigo wa Anton nimeupata. Nimerudi kutoka Ipole juzi. Nilikwenda kwa lori la ushirika, dereva akanikalisha mbele kwa kuheshimu mvi. Tatu hajambo, ni mjamzito tena. Bundala amechaguliwa katibu wa kijiji na sasa anazungumza kama taarifa ya habari, hata akiomba chumvi. Mama yako ni mzima. Ana mizinga yake mwenyewe porini na hapendi mtu aisogelee.

Siku ya kwanza sikusema kitu. Siku ya pili tulikaa barazani tunachambua tumbaku, Tatu amekwenda kisimani. Nikamwambia, "Wifi, Lukumani anatengeneza picha ya siku baba alipochukuliwa. Masolwa amemwambia kwamba wewe ndiye uliyemtoa."

Hakuacha kuchambua. Akauliza, "Na wewe unasemaje?"

Nikamwambia sijui, na ndicho kilichonileta. Hapo akayaweka majani chini.

Nakuandikia kama alivyoniambia.

Asubuhi ya siku ile askari walikuja kumtafuta baba. Walipomkosa wakamchukua kaka Shaban, ambaye alikuwa hata hajabalehe, wakamfunga pamoja na watu wazima. Hilo la kuchukuliwa nalikumbuka. Nakumbuka pia kwamba jioni yake alirudi, na sote tukaamini ameachwa kwa udogo. Baba yako mwenyewe aliamini hivyo maisha yake yote. Umemsikia mara ngapi akicheka kwamba miguu yake myembamba ndiyo iliyomwokoa?

Haikuwa hivyo. Shaban alipofungwa, mama yangu alimwita Siwema jikoni. Mama hangeweza kwenda mwenyewe, kwa sababu barabara ya Itetemia ililindwa na kila mtu alirudishwa. Lakini yule mtoto walimjua, ni mtoto wa mwenzao, na kila siku alipita na kikapu chake kwenda kuokota uyoga. Kumbe ndani ya kikapu hicho, chini ya majani, ndimo kilimokuwa chakula cha baba. Mimi sikuambiwa, maana nilikuwa mtoto wa maneno mengi. Mama akamwambia Siwema: mwambie fundi, Shaban yuko kwenye kamba, na msafara unaondoka kesho.

Baba alikuwa huko Itetemia, ndani ya kihenge cha rafiki yake Kashindye. Aliposikia, alitoka. Akanawa uso. Akamwambia mtoto atangulie mbele, ili walinzi wamwone yeye kwanza wasipige risasi. Wakatembea. Kabla ya kufika mjini akamsimamisha akamwambia, "Shaban asijue. Akijua, atabeba kitu kisicho chake. Mwambie mama yake hivyo."

Kisha wakaingia mjini, mtoto mbele na baba nyuma. Hiyo ndiyo sehemu aliyoiona Masolwa, na ndiyo niliyoiona mimi.

Bomani aliyewasemea ni yule askari, baba yake Siwema. Shaban alikuwa amefungiwa upande wa nyuma. Askari akamfungua, akamwambia hana nguvu za mzigo, aende nyumbani. Baba na Shaban hawakuonana.

Nikamuuliza kama mama yangu alijua watu wanasema nini juu yake Siwema mitaani. Akasema alijua sana. Nikauliza kwa nini basi aliwaacha waseme.

"Angewajibu vipi bila Shaban kusikia?"

Nikamuuliza, na yeye mwenyewe, miaka yote ya ndoa? Akasema wakati mwingine Shaban alipokuwa akicheka ile habari ya miguu yake, yeye alikwenda uani mpaka amalize. Akasema, "Ningemwambia, angelala tena?"

"Na mimi?" nikamwambia. "Mimi si Shaban."

Akanitazama. Akasema, "Wewe hukuniuliza. Nilijua unawaza nini. Tulipokuwa tunakwenda kisimani uliacha kunishika mkono. Nikasema, siku akiuliza nitamwambia."

Tatu alirudi na maji. Tukaendelea na tumbaku mpaka adhuhuri.

Nina hasira na marehemu mama yangu, Lukumani. Nimesali, na bado ninayo. Alitunza siri ya mtoto wake wa kiume kwa kumtwisha mtoto wa watu, na mimi akaniacha nimshuku rafiki yangu mpaka meno yananitoka. Lakini pia nalijua lile banda la uani, na kamba, na sijui mimi ningefanya nini.

Nilimuuliza Siwema kama wewe uambiwe. Akasema, "Lukumani ni mtu mzima, na baba yake amelala. Aambiwe." Na juu ya picha yako alisema neno moja tu, kwamba mfanye mtakavyo, ila mtoto yule asitiwe maneno mdomoni, kwa sababu hakusema kitu.

Batuli


Dar es Salaam,
30 Novemba 1969

Shangazi yangu,

Shikamoo. Funga inakwendaje huko? Hapa joto ni kali lakini tunavumilia. Ahsante kwa siku zote tulizokaa kwako, na kwa kuwapikia watu saba wenye njaa ya mjini.

Yale niliyoshindwa kukwambia nikiwa hapo nayaandika sasa. Uliona nilipokwenda Ipole Ijumaa ile. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Mama alinipokea kama kawaida, akanipa maziwa, akaniuliza habari za mtoto. Nilipoanza, "Mama, shangazi ameniambia," akasema, "Najua amekwambia." Kisha akanionyesha paa la jiko linalovuja. Nikapanda nikaezeka upya mpaka jua likaelekea kuzama, na yeye akisimama chini ananipa nyasi. Nilipokuwa juu huko, bila kunitazama, akasema kwamba babu alikuwa na mwendo kama wangu. Ndiyo yote tuliyozungumza.

Sasa filamu. Sukari imeondolewa. Mtoto hasemi neno lolote kwa baba yake. Hilo nililipigania na nililipata. Lakini sehemu ya baba yangu, ya kukamatwa na kuachiwa, haikupigwa picha. Nilikuwa nimeiandika kurasa nne. Sylvester alizisoma akazisifu, kisha akasema filamu ni ya watoto wawili na fundi, haina nafasi ya mtu mwingine, na siku za kukaa Tabora zimekwisha. Kwa hiyo filamu inaonyesha mtoto anakwenda na kikapu, kisha anarudi na fundi nyuma yake. Hakuna anayeeleza. Kila mtu ataelewa anavyotaka.

Nilifikiri kuacha kazi. Sikuacha. Nakwambia mwenyewe usije ukasikia vingine. Nina mtoto, na kazi hii naipenda. Lakini nikiitazama sehemu ile pale kwenye mashine, natamani ningekuwa na uwezo zaidi ya nilio nao.

Itafika Tabora mwakani baada ya mvua.

Mwanao,
Lukumani


Tabora,
3 Mei 1970

Mwanangu Lukumani,

Marahaba kwa barua zako zote mbili, na hongera kwa mtoto wa pili. Tatu naye amejifungua wa kike. Mama yako alikuja mjini na Bundala, aliyekuwa ameleta asali ya kijiji. Akanikuta nimesikia tangazo la gari la kipaza sauti, kwamba Jumapili alasiri kutakuwa na picha ya Tabora ya zamani katika ukumbi wa jamii. Nikamuuliza kama anataka. Akasema, "Twende tukaone."

Ukumbi ulijaa. Madirisha waliyaziba kwa mablanketi. Tulikaa katikati, na mbele yetu, safu mbili hivi, alikuwa Masolwa na wenzake wa stesheni. Watu walifurahi kuona Itetemia ukutani. Wakataja miti, wakataja nyumba, wakamtaja ng'ombe wa mtu. Yule binti aliyeigiza mama yako anacheza mdako vizuri. Mama yako aliniambia polepole kwamba nguo yake ni safi mno.

Basi ikafika ile sehemu. Mtoto anakuja barabarani, na fundi nyuma yake. Masolwa akasema kwa sauti, si kwa uovu, ni kama mtu anayewaeleza wageni: "Huyo ndiye aliyemtoa fundi. Niliwaona mimi."

Nilisimama. Sikuwa nimepanga. Nikasema, "Mzee Masolwa, fundi yule alikuwa baba yangu. Alitoka mwenyewe, ili kaka yangu Shaban afunguliwe kamba. Mtoto huyo alitumwa na mama yangu, na yuko hapa, amekaa karibu yangu."

Watu waligeuka. Kijana mmoja nyuma akasema mama kaa chini tuone picha, mwingine akamwambia anyamaze yeye. Mama yako alinivuta kanga nikakaa. Picha ikaendelea mpaka mwisho, lakini sikuiona, kwa hiyo usiniulize ilivyokwisha.

Nje, Masolwa alikuja tulipokuwa tumesimama. Alivua kofia. Akamuuliza mama yako mvua za Ipole zilikuwaje mwaka huu. Mama yako akamjibu zilikuwa nzuri. Akauliza na nyuki. Akamwambia na nyuki pia. Akaaga akaenda zake. Wanawake wawili wa Isevya, ambao mama zao hawakuja harusini, walitusindikiza mpaka nyumbani wakiwa wamembebea mama yako mkoba.

Kwa hiyo filamu yako mimi naiona imefanya kazi yake, ingawa si ile mliyoikusudia ofisini. Mwambie hivyo Sylvester.

Kuna jambo la mwisho. Tulipofika nyumbani nilipika chai. Tulikuwa wawili tu. Nikaona kwamba nimemuuliza mama yako kitu kimoja tu maishani, na huko Ipole nilimuuliza kama polisi. Nikamwambia, "Mlitembea mwendo mrefu kutoka Itetemia. Baba alizungumza nini njiani?"

Akafikiri. Akasema hakuzungumza sana. Alimuuliza kama kuna maji nyumbani. Kisha akasema, "Alikuuliza wewe. Aliuliza kama bado unakohoa."

Nilikuwa sikumbuki kama niliwahi kukohoa. Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia umepona. Ulikuwa hujapona, lakini nilimwambia hivyo, naye akaongeza mwendo."

Mama yako atakaa kwangu mpaka mwisho wa mwezi. Bundala amerudi peke yake.

Wabusu watoto.

Shangazi yako,
Batuli